Milimita Arobaini

Kigoma, 7 Septemba 1997

Mpendwa Shangazi Elinipendo,

Shikamoo, Shangazi. Naomba barua hii ikukute mzima, pamoja na ng'ombe wako mkorofi na majirani wote wa Masama. Mimi sijambo. Homa ya mwezi uliopita imekwisha. Chakula cha chuo hiki cha hali ya hewa ni ugali na dagaa, kesho yake dagaa na ugali, na juzi nimeota mtori wako nikaamka nameza mate. Msalimie jirani yako Eliona. Msalimie na Baba, kama atazipokea salamu zangu.

Sasa Shangazi, kaa chini kwanza. Umekaa?

Mvua inakuja! Si manyunyu yetu ya vuli yale, ambayo hayafiki hata kwenye mizizi ya mgomba. Mvua kubwa. Juzi mwalimu wetu aliingia darasani na karatasi ya faksi mkononi, akaibandika ukutani, na sisi wote tukasimama kuisoma. Bahari ya Pasifiki imepata joto upande ambao kwa kawaida ni baridi. Wewe umefundisha jiografia miaka thelathini, kwa hiyo nitakueleza kwa uji. Ukipuliza uji wa moto kwenye bakuli, ule wa juu unasogea na kujikusanya upande wa pili. Ndivyo upepo unavyofanya kule kila mwaka: unasukuma maji ya moto ya juu kuelekea Asia. Mwaka huu aliyekuwa akipuliza amechoka. Upepo umelegea, na maji ya moto yamerudi upande wa Amerika. Na bahari yetu wenyewe, ya Hindi, nayo imeanza kupata joto upande huu wa Afrika. Bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi, na mvuke huo upepo utatuletea sisi.

Fikiria, Shangazi. Watu wa Masama wanalilia maji, na mimi nimesimama Kigoma nayaona yakiwa bado baharini!

Nina ombi. Tafuta kopo la bati la mafuta ya kupikia, lenye pande zilizonyooka. Liweke mahali pa wazi, mbali na migomba, maana migomba ina matone yake. Kila siku saa tatu asubuhi ingiza rula, soma milimita, andika, kisha mwaga. Hapo kwetu hakuna kituo cha kupima, na nataka nijue.

Usimwambie Baba kwamba ni mimi niliyeomba. Siku ile naondoka alisema mbele yako kwamba anayepima mvua anamkagua Mungu. Huu ni mwaka na nusu sasa, na barua zangu tatu hajajibu hata moja.

Mwanao uliyemlea,
Eliaichi


Masama, 28 Septemba 1997

Mwanangu Eliaichi,

Bwana asifiwe. Barua yako imetumia wiki nzima njiani, konokono angewahi. Sisi ni wazima. Ng'ombe amezaa dume, nilitaka jike. Eliona anakusalimu. Baba yako ni mzima, anakohoa kidogo asubuhi.

Ukame huu umetunyoosha. Majani ya migomba yamejikunja kama mikeka, na kahawa inadondosha matunda mabichi. Maji ya kumwagilia yanashuka na mtaro wa mfongo mpaka kwangu mara moja kwa siku tisa, na wiki iliyopita wanaume wawili walishikana mashati pale kwenye mgawanyo wa maji kwa sababu ya zamu. Watu wazima, waimbaji wa kwaya! Baba yako kama mwenyekiti wa mfongo aliwatenganisha, akarudi nyumbani shati limechanika yeye.

Kopo nimelipata. Nimeliweka juu ya jiwe katikati ya uwanja na kulizungushia miiba ili kuku wasilinywee. Kwa siku kumi nimeandika sifuri. Eliona ananicheka kupitia uani: "Mwalimu amestaafu darasa, sasa anafundisha kopo!" Nikamwambia kopo lina akili kuliko wanafunzi wengi niliowahi kupata, halisemi lisilolijua.

Halafu tarehe 25 nikaamka nikasikia harufu ya udongo. Nilitoka na kanga moja, sikungoja hata saa tatu. Milimita tatu! Eliaichi, tatu tu, lakini nilishika lile kopo nikacheza nalo uwanjani kama bibi harusi. Miaka yote hii nimekuwa nikisema "mvua imenyesha kidogo" au "imenyesha sana", na kumbe ina namba yake!

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara moja nimeisoma kwa sauti.

Krismasi utakuja? Andika mapema niweke ndizi.

Shangazi yako,
Elinipendo


Kigoma, 19 Oktoba 1997

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa dume, hongera kwa milimita tatu! Nimewasomea wenzangu darasani sehemu ya kucheza na kopo, na sasa kila asubuhi tukienda kwenye vipimo wanasema, "Twende tukacheze." Afya yangu ni njema, mitihani ya kwanza nimefaulu.

Wiki hii nimeachia puto kwa mkono wangu mwenyewe. Limejazwa gesi, limebeba kachombo kadogo kanachopima joto na unyevu huko juu, nalo linakwenda kwa kasi mpaka linakuwa kama nukta. Nilipiga kelele kama mtoto. Na asubuhi mapema tukiwa kilimani tunaona radi juu ya Ziwa Tanganyika wakati mji umekauka. Nchi kavu inapoa haraka kuliko ziwa, kwa hiyo alfajiri hewa ya juu ya maji ndiyo yenye joto, ndiyo inayopanda na kufanya wingu. Mchana mambo yanageuka. Ni kama ziwa na milima vinapeana zamu, Shangazi, na wao hawashikani mashati!

Mlima wetu una kazi yake pia. Hewa yenye mvuke ikija kutoka baharini haiwezi kupita katikati ya Kilimanjaro; inalazimika kupanda. Ikipanda inapoa, na ikipoa haiwezi tena kubeba mvuke wote, inaumwaga. Unamwagika msituni, juu yenu. Ndiyo maana nina hofu iliyochanganyika na furaha. Ardhi iliyokauka hivyo itakunywa mvua za kwanza kwa pupa. Lakini ikishashiba, tone linalofuata halina pa kwenda ila mtoni, na mto ukijaa utaingia mfongoni. Mfongo wetu unapita juu ya nyumba kumi na moja. Umechimbwa kubeba maji ya kumwagilia, haukuchimbwa kubeba mto.

Mtu awaambie wazee wajiandae kuufunga pale juu kwenye banio, maji yanapoingilia kutoka mtoni.

Barua yangu uliisoma kwa sauti mbele ya nani? Umeandika Baba ni mzima. Hukuandika kwamba ananisalimu.

Mwanao,
Eliaichi


Masama, 9 Novemba 1997

Mwanangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Dume tumelipa jina Sifuri. Eliona ana mafua, mimi sina hata chafya. Sina muda wa kuumwa!

Mvua imekuja kama ulivyosema! Tangu tarehe 16 Oktoba kopo halijakauka. 12, 9, 27, 31. Migomba imefungua majani, kahawa imeshtuka ikachanua isipotakiwa. Watoto wanateleza na vigogo vya migomba mteremkoni, wanawake tunaimba tukitoka shambani, na kanisani Jumapili iliyopita tulitoa shukrani mpaka mchungaji akaanza kutazama saa.

Sasa nisikilize, maana nimegundua jambo, na sijapata mtu wa kulielewa kama wewe. Kila nikimaliza kusoma kopo ninapanda mpaka mfongoni kuangalia maji yamefika wapi. Nimeandika vyote viwili, ukurasa mmoja, kushoto kopo na kulia mfongo. Eliaichi, vinakwenda pamoja! Kopo likisoma ishirini, maji yanafika nusu ya ukingo. Likisoma thelathini na moja, yanabaki vidole vinne. Nikapiga hesabu. Likifika arobaini, maji yatakuwa mdomoni mwa ukingo, na zaidi ya hapo yatamwagika juu ya watu. Nilikaa kwenye kigoda changu nikacheka peke yangu. Hili halimo katika kitabu chochote, nimelipata mimi, kwa rula ya shule ya msingi!

Uliuliza niliisoma mbele ya nani. Mbele ya kikao cha mfongo. Unajua wanawake hatusemi pale. Nilikaa nyuma mpaka wakamaliza, nikasimama nikasoma. Na Jumamosi iliyopita nilirudi na daftari langu.

Nikasema, "Likifika arobaini, tufunge banio."

Baba yako akasema, "Dada, watu wamekaa miezi minane wakilia maji. Leo Mungu ameyaleta, mimi nikawaambie tunafunga? Kwa sababu ya kopo?"

"Kwa sababu ya nyumba kumi na moja. Yako ni ya tatu."

"Mfongo huu ulichimbwa na babu zetu bila rula."

"Babu zetu waliuangalia kila siku, Aikaeli. Wewe uliuangalia lini?"

Wazee wakainama. Alisema jambo jingine pia, hilo sitaliandika.

Nimeongea na Eliona na wanawake wengine sita wanaoishi chini ya mfongo. Majembe yetu yako tayari nyuma ya mlango.

Umeruka swali langu. Krismasi?

Shangazi yako,
Elinipendo


Kigoma, 14 Desemba 1997

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya Novemba ilinifikia tarehe 27, na tangu hapo hakuna kitu. Reli imesombwa na maji huko kati, treni hazitembei, na barua hii nimempa mwalimu anayepanda ndege kwenda Dar. Mimi ni mzima. Sijui ninyi.

Kwanza, nilimwonyesha mwalimu mkuu wa vipimo ukurasa wa daftari lako uliounakili na kuutia kwenye bahasha. Aliusoma amesimama, akakaa, akausoma tena. Akauliza, "Huyu shangazi yako alisomea wapi?" Nikamwambia, darasa la nne, alikuwa akilifundisha. Akacheka, akasema, "Mwambie aendelee. Na mwambie asingoje ruhusa." Nilitaka kukuandikia usiku uleule, nikakosa wa kumpa barua.

Kila asubuhi ninasimama mbele ya ramani ya upepo. Mistari yote inatoka baharini na kuelekea kwetu, haikatiki. Wenzangu wanashangilia, maana mtu anaweza kusoma hali ya hewa maisha yake yote asiuone mwaka kama huu. Mimi nashangilia nao, halafu nakumbuka kwamba mwisho wa mistari ile upo wewe.

Redio imetaja mafuriko Kilimanjaro, haikutaja kijiji. Nijibu hata kwa neno moja.

Kuhusu Krismasi, nitasema kweli. Treni hakuna, lakini hata kabla ya reli kukatika sikuwa nimekata tiketi. Niliogopa kufika uwanjani na Baba asiinuke.

Mwanao,
Eliaichi


Masama, 18 Januari 1998

Eliaichi,

Mwandiko huu utaushangaa. Shangazi yako ni mzima, tena anaongea kuliko kawaida, ila mkono wake wa kulia umevunjika na umefungwa plasta mpaka juu ya kiwiko. Amenikalisha mezani kwake na ameniapisha niandike kila neno kama anavyolitamka, nisipunguze. Sasa anaanza.

Mwanangu Eliaichi, Bwana asifiwe. Sifuri anakula vizuri. Barua yako ya ndege imefika. Jumamosi tarehe 22 Novemba kopo lilisoma thelathini na nane saa tatu asubuhi. Nikalimwaga, na mvua haikukatika. Saa saba mchana nikalichungulia tena, thelathini nyingine! Kwa saa nne! Nilikwenda kwa baba yako. Alikuwa anakula. Nikamwambia, Aikaeli, twende banioni. Alikataa.

(Ameniambia niandike kwamba nilikataa. Naandika. Nilikataa.)

Hakuinua hata kichwa kwenye sahani.

(Niliinua. Anasema hakuna kubishana na anayesoma imla.)

Nikampigia Eliona kelele uani, naye akawaita wale sita. Tulipanda wanane na majembe na mapanga, matope mpaka magotini, na Eliona anaanzisha pambio mbele ili tusiogope. Tulipofika, mto ulikuwa mwekundu, na mawe yalikuwa yanagongana ndani yake tunayasikia. Mdomo wa mfongo umejaa. Tukakata migomba, tukaiviringisha ndani, mimi na Eliona tukaingia majini kuishikilia ili wengine waishindilie kwa mabonge ya udongo na nyasi. Eliaichi, nina miaka sitini na moja, na sijawahi kuwa hai kama siku ile! Maji yalitaka kutung'oa, nasi tunayapigia kelele kama tunafukuza nyani shambani. Tulikuwa karibu kumaliza. Ndipo gogo likaja na maji likanipata mkono. Yaliyofuata aeleze mwenyewe, mimi nilikuwa ninaona nyota.

Hapa ananitazama. Basi nieleze.

Sikupanda kwenda kusaidia. Mtu aliniambia wanawake wamechukua majembe, nikapanda na fimbo kuwafukuza. Nilipofika nilimwona dada yangu ndani ya maji hadi kiunoni, uso umekuwa mweupe, na kwa mkono mmoja bado anashikilia kigogo cha mgomba. Nilimwambia toka. Akasema, "Ninatoka ukiingia wewe." Nikautazama mto. Nimekuwa mwenyekiti wa mfongo miaka kumi na minne, na sikuwahi kuuona ukiwa na sura ile. Nikatupa fimbo nikaingia. Tulimaliza pamoja, nikambeba mgongoni mpaka barabarani, na njia nzima ananiambia niangalie ninapokanyaga.

Mfongo wa ng'ambo ya mto haukufungwa. Jioni ile ukingo wake ulibomoka, ukashuka na mibuni, migomba na banda lenye ng'ombe wawili. Watu walikimbia, hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe. Chini ya mfongo wetu nyumba zote kumi na moja zimesimama. Yangu ni ya tatu.

Shangazi yako anataka niongeze kwamba kikao cha mwezi huu kimepitisha: kopo likifika arobaini, banio linafungwa, bila kumwuliza mwenyekiti. Na yeye anakaa mbele.

Sasa amekwenda jikoni kumfokea anayempikia. Yafuatayo ni yangu.

Amekuficha neno nililolisema kikaoni mwezi wa kumi na moja. Nilisema mbele ya wazee kwamba sina binti Kigoma, kwamba aliyeko kule ni mtoto wa mashine. Wakainamisha vichwa. Nilidhani wamekubaliana nami. Sasa najua walinionea aibu. Barua zako tatu ninazo. Nilizisoma siku zilipofika, zote, na sikujua nijibu nini, kwa sababu ungeniuliza kama nimekosea na ningelazimika kujibu.

Niliyaona maji yale, mwanangu. Wewe uliyaona tangu Septemba, yakiwa bado baharini. Sijui kama ndiko kumkagua Mungu. Nimemuuliza mchungaji, akasema Nuhu naye aliambiwa mapema, na kosa halikuwa lake.

Ndani ya bahasha kuna jani la isale, lile la kuombea msamaha, nimelikata leo kwenye mpaka wa kihamba, hapa shambani kwetu. Litakufika limekauka. Kwetu mkubwa hampi mdogo jani hilo mara nyingi, lakini anayepewa halikatai, unajua. Nakuomba usilikatae.

Na uniambie, bahari iliyo mbali hivyo inaijuaje njia ya Masama? Nimelifikiria swali hili tangu Krismasi na sipati usingizi mzuri.

Baba yako,
Aikaeli


Kigoma, 22 Februari 1998

Baba,

Shikamoo. Natumaini kikohozi cha asubuhi kimeisha na mkono wa Shangazi umefunguliwa plasta. Mwambie kwamba mwalimu wetu amepigia mstari mwekundu ule ukurasa wake na kuubandika ukutani, pale ilipokuwa faksi.

Baba, bahari haiijui njia. Ni upepo unaoijua, na hata upepo unaongozwa na joto: hewa hutoka palipo baridi ikaenda palipo na joto, siku zote. Mengine siwezi kuyaandika, nataka kukuchorea kwa kijiti uwanjani, na wewe ubishe, nami nikujibu. Wanasema treni itaanza tena wiki ijayo. Nina tiketi. Nikishuka Dar nitapanda basi la asubuhi, na nitakuja moja kwa moja kwako kabla ya kwenda kwa Shangazi, amenisamehe hilo bila kumwomba, namjua.

Barua yako niliifungulia palepale posta, sikuweza kungoja. Nilipouona mwandiko nilidhani Shangazi amefariki. Nikasoma nimesimama, watu wa foleni wananipita. Jani lilipoangukia mkononi nililia kwa sauti, hadharani. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanishika bega, akauliza, "Binti, ni msiba?"

Nikamwambia, "Hapana, mzee. Ni baba yangu ameniandikia."

Mwanao,
Eliaichi